Kwa treni kutoka London hadi Brighton katika miaka ya 1840: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa nimekusanya maswali ambayo wapenzi wa historia ya reli huuliza zaidi kuhusu njia iliyounganisha London na mji wa pwani wa Brighton, mwanzoni mwa utawala wa Malkia Victoria. Wengi huisimulia reli hii kwa mwendo wake na mahandaki yake, na kweli ni kazi ya kustaajabisha. Lakini kwangu swali kubwa ni nauli: nani aliweza kulipa, na tangu lini. Ndiyo maana majibu ya nauli na madaraja ni marefu kuliko mengine.

Reli hii ilifunguliwa lini hasa?

Utakutana na tarehe kadhaa, na zote ni sahihi. Sheria ya Bunge iliyoruhusu ujenzi ilipata idhini ya kifalme Julai 1837, wiki chache tu baada ya Victoria kurithi kiti cha enzi. Kipande cha kwanza kuanza kazi hakikwenda London hata kidogo. Kilitoka Brighton hadi Shoreham, mji wa bandari jirani upande wa magharibi, na kilifunguliwa Mei 1840. Kutoka upande wa London, treni zilianza kufika Haywards Heath tarehe 12 Julai 1841. Kwa zaidi ya miezi miwili abiria walishukia hapo na kumalizia safari kwa gari la farasi. Njia nzima ikakamilika tarehe 21 Septemba 1841.

Kampuni iliyoijenga iliitwa London and Brighton Railway. Mwaka 1846 iliungana na nyingine, ikazaliwa London, Brighton and South Coast Railway, jina utakalolikuta katika vitabu vingi.

Kabla ya hapo watu walisafirije?

Kwa magari ya abiria yaliyokokotwa na farasi wanne. Barabara ya Brighton ilikuwa miongoni mwa zile zenye magari mengi zaidi Uingereza, na huduma yake ilikuwa nzuri kwa vipimo vya wakati ule. Farasi walibadilishwa kila baada ya maili 10 hivi, na safari ya maili 52 ilichukua saa tano au sita. Waliolipa zaidi walikaa ndani, watu wanne. Wengine walipanda juu ya paa na nyuma, mvua yao, jua lao.

Reli ilipofunguliwa, biashara hiyo ilianguka kwa muda mfupi sana. Si wenye magari hayo peke yao walioumia. Wenye nyumba za wageni njiani, watunza farasi, wauza nyasi na mafundi wa kwato wote walikuwa wakila kwenye barabara hiyo.

Kwa nini Brighton, na si mji mwingine wa pwani?

Kwa sababu Brighton ulikuwa na jina kabla ya reli. Mwaka 1750 daktari Richard Russell wa mji wa Lewes alichapisha kwa Kilatini kitabu kuhusu maji ya bahari kama dawa ya maradhi ya tezi. Aliwaandikia wagonjwa wayaoge, na wayanywe pia. Wenye pesa wakaanza kuteremka pwani. Mwaka 1783 akaja mwana wa mfalme, aliyekuja kuwa George wa Nne, akaupenda mji akajenga makao. Msanifu John Nash ndiye aliyeyageuza makao hayo, kati ya 1815 na mapema miaka ya 1820, kuwa Royal Pavilion, jumba lenye kuba na minara ya mtindo wa Kihindi. Mwaka 1823 ikafunguliwa gati ya minyororo, Chain Pier, iliyotumiwa na meli za kwenda Ufaransa na watu wa kupunga upepo vilevile.

Kwa hiyo wawekezaji wa reli walikuwa na wateja wanaojulikana, na ndiyo maana wahandisi kadhaa, Robert Stephenson akiwamo, waligombea njia ya kufuata. Bunge lilichagua njia ya moja kwa moja iliyopimwa na Sir John Rennie, ngumu kuliko zote kuijenga.

Treni ilianzia wapi London?

London Bridge, upande wa kusini wa mto Thames. Lakini kampuni ya Brighton haikuwa na reli yake yenyewe mpaka mjini. Treni ilitoka stesheni ikipita juu ya reli ya kampuni ya Greenwich, iliyojengwa kwenye matao 878 ya matofali juu ya mapaa ya nyumba. Kisha ikaingia reli ya kampuni ya Croydon, na ilipofika Norwood ndipo ikashika reli ya Brighton yenyewe. Kila kampuni ilidai ushuru wake. Mbele zaidi, kampuni ya South Eastern nayo ikapewa haki ya kutumia kipande cha njia hadi Redhill kabla ya kugeukia Dover. Ugomvi wa kampuni hizi juu ya nani apite kwanza ulidumu miaka mingi, na aliyechelewa ni abiria.

Safari ilichukua muda gani?

Treni za haraka zilichukua takriban saa moja na dakika 45 kwa maili 50 na nusu, yaani kilomita 81. Hiyo ni wastani wa kilomita 46 kwa saa. Treni zilizosimama kila stesheni zilichukua zaidi ya saa mbili. Kwa mtu aliyezoea saa sita za kutikiswa barabarani, lilikuwa jambo la ajabu: ungeweza kwenda Brighton, ukafanya shughuli zako, ukarudi kulala London siku hiyo hiyo.

Nauli ilikuwa kiasi gani?

Mwanzoni, daraja la kwanza lilikuwa karibu shilingi 14, na la pili shilingi 9 na ushee, kwenda tu. Kumbuka pauni moja ilikuwa na shilingi 20, na shilingi moja peni 12. Sasa weka hizo bei kando ya mshahara. Kibarua wa shamba katika wilaya za kusini mwa Uingereza alipata takriban shilingi 10 kwa wiki, wakati mwingine pungufu. Kiti cha daraja la pili, chenye ubao mtupu wa kukalia, kingemla karibu wiki nzima ya jasho, na bado hajarudi nyumbani wala hajanunua mkate.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba mwaka 1841 reli iliwafungulia watu wote bahari. Iliwafungulia waliokuwa wakienda tangu zamani, ikawafikisha mapema zaidi. Mawakili, wafanyabiashara, maofisa wastaafu, familia zenye watumishi: hao ndio waliojaza treni za mwanzo, na kampuni ilipanga ratiba na mabehewa kwa ajili yao. Njia iligharimu zaidi ya pauni milioni 2.5, na wakurugenzi waliamini fedha hizo zitarudishwa na wateja wachache wa bei kubwa. Ilichukua miaka mitatu mpaka hesabu hiyo ianze kubadilika, na nitaieleza chini.

Madaraja yalitofautianaje?

Tofauti ilikuwa kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Behewa la daraja la kwanza lilijengwa kama magari matatu ya farasi yaliyounganishwa juu ya fremu moja. Hata umbo la milango na madirisha lilikuwa lile lile, maana mafundi walikuwa wale wale. Kila chumba kilikuwa na viti sita vyenye mito, vimetenganishwa kwa mikono ya kiti, na madirisha ya kioo. Usiku, mfanyakazi alitembea juu ya paa na kutumbukiza taa ya mafuta katika tundu la kila chumba.

Daraja la pili lilikuwa na paa na mabenchi ya mbao. Katika reli nyingi ubavu wa behewa ulikuwa wazi kuanzia kiunoni kwenda juu. Upepo ulipita, mvua ya kusukumwa na upepo iliingia, na cheche za injini pia.

Daraja la tatu, pale lilipokuwapo, lilikuwa gari la wazi lisilo na paa, linalofanana na la kubebea mizigo, na mara nyingi halina hata mabenchi. Abiria walisimama wamebanana, wakishika ukingo. Injini za wakati ule zilichoma makaa yaliyokwisha kuondolewa moshi, kwa sababu sheria ilizitaka zisitoe moshi mzito, lakini cheche na majivu ya moto yalirushwa juu na kuwaangukia walio nyuma. Nguo zilitoboka. Sasa fikiria gari hilo likiingia katika handaki la kilomita mbili.

Hatari yake ilionekana mkesha wa Krismasi mwaka 1841, kwenye reli nyingine, ya Great Western. Treni iligonga udongo ulioporomoka katika mkato wa Sonning, yaani mfereji uliochimbwa kilimani ili reli ipite, karibu na Reading. Waliokufa walikuwa abiria wa daraja la tatu, wengi wao mafundi wa ujenzi waliokuwa wakirudi makwao kwa sikukuu. Walirushwa nje ya magari yasiyo na kuta za maana.

Hakuna daraja lililokuwa na choo, na hakukuwa na ujia wa kupita kutoka chumba hadi chumba. Ukishaingia, umeingia mpaka stesheni inayofuata.

Ni kweli matajiri walipakia magari yao ya farasi kwenye treni?

Ni kweli. Gari la familia lilisukumwa juu ya behewa bapa na kufungwa kwa minyororo, na wengine walibaki wamekaa ndani yake safari nzima, ili wasichanganyike na watu wasiowajua. Farasi walisafiri katika behewa lao maalumu. Brighton wakafungiwa farasi tena na kuteremka mjini kana kwamba wametoka London kwa barabara.

Nani aliijenga, na kwa nini ina mahandaki mengi?

Mhandisi mkuu alikuwa John Urpeth Rastrick. Majengo ya stesheni yalisanifiwa na David Mocatta. Rastrick alijiwekea sharti kali: mwinuko wa njia usizidi futi 1 kwa kila futi 264. Injini za wakati huo hazikuwa na nguvu ya kupanda, na alitaka treni zikimbie bila kuhema.

Tatizo ni kwamba kati ya London na bahari kuna safu za vilima zilizolala kutoka mashariki kwenda magharibi: North Downs, kisha vilima vya Weald, kisha South Downs. Kwa sharti lile hakuna kuvipanda. Ni kuvitoboa. Mahandaki ni matano. Kubwa ni Clayton, zaidi ya kilomita 2, kisha Merstham, kilomita 1.7 hivi, na Balcombe, kilomita moja na kidogo. Haywards Heath na Patcham ni mafupi. Kati yao ipo mikato mirefu katika chokaa nyeupe na matuta makubwa ya udongo uliochimbwa.

Kazi ilipopamba moto, kulikuwa na wanaume zaidi ya 6,000 na farasi karibu 1,000 njiani. Kazi kubwa ilifanywa kwa sururu, beleshi, toroli na baruti. Walilala katika vibanda kando ya njia. Wageni wanaposifu akili ya Rastrick huwa naunga mkono, lakini hao 6,000 ndio walioiondoa ardhi ile kwa mikono katika muda wa miaka mitatu.

Niambie kuhusu daraja la bonde la Ouse.

Hili ndilo jengo zuri kuliko yote kwenye njia hii, na nadhani ni miongoni mwa mazuri kuliko yote ya reli popote. Lipo kati ya Balcombe na Haywards Heath. Lina matao 37, urefu wa mita 450, na kimo cha mita 29 juu ya mto mdogo ambao ungeweza kuuruka kwa hatua chache. Lilimeza matofali takriban milioni 11. Mto Ouse wenyewe ndio uliotumika kupandisha vifaa kwa mashua kutoka baharini. Mawe ya urembo wa juu, kuta za pembeni na vijumba vinane vya ncha zote mbili, yalikuwa chokaa ya Caen kutoka Normandy, Ufaransa.

Ukisimama chini yake utaona siri ya umbo lake. Kila nguzo imetobolewa katikati kwa tundu kubwa lenye tao juu na tao lililogeuzwa chini. Tundu hilo lilipunguza matofali na uzito. Lakini kwa kuwa nguzo zote zimepangwa mstari mmoja, ukichungulia katika tundu la kwanza unaona la pili, la tatu, na kuendelea mpaka upande wa pili wa bonde.

Abiria wa mwaka 1841 hakuyaona haya. Alipita juu kwa sekunde thelathini au arobaini, akaona mashamba yamekwenda chini kabisa, kisha mkato ukamfunika tena.

Abiria hawakuogopa mahandaki?

Waliogopa sana. Madaktari na wapinzani wa reli walikuwa wameonya kwamba giza, baridi na hewa chafu vitaleta kikohozi na kuharibu mishipa. Kampuni ililichukulia jambo hilo kwa uzito. Kuta za ndani zilipakwa chokaa, na taa za gesi zikawekwa. Clayton ilikuwa na mtambo wake mdogo wa gesi karibu na Hassocks. Upande wa kaskazini wa handaki hilo walijenga lango lenye minara miwili kama ngome, na katikati yake, juu kabisa ya tao, kanyumba kadogo cha kuishi.

Kwa abiria wa daraja la kwanza, madirisha yakifungwa, hofu ilikwisha baada ya safari mbili tatu. Wa gari la wazi alikuwa na sababu ya kuendelea kuogopa.

Treni ziliongozwaje, na zilikuwa salama?

Njia ililindwa na watu waliovaa sare na kuitwa polisi wa reli, wenye bendera mchana na taa usiku. Utaratibu ulikuwa wa muda: treni ikipita, unasubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu nyingine. Hakuna aliyejua kwa hakika kama ile ya mbele imesimama nyuma ya kona. Ishara ya mkono wa mbao unaoinuka na kushuka juu ya mlingoti ilianza kutumika kwenye reli za Uingereza karibu na New Cross, majira ya baridi ya 1841 na 1842, kazi ya mhandisi Charles Hutton Gregory wa kampuni ya Croydon. Treni za Brighton zilipita hapo hapo.

Breki nazo zilikuwa za mkono, kwenye gari la makaa la injini na kwenye mabehewa machache yenye gadi. Dereva akitaka kusimama kwa haraka alipiga filimbi, magadi wakazungusha mikono ya breki, na treni ikaendelea kuteleza mbali.

Tarehe 2 Oktoba 1841, hata wiki mbili hazijatimia tangu ufunguzi, treni iliacha njia katika mkato wa Copyhold karibu na Haywards Heath. Watu wanne walikufa. Mvua na udongo mpya usiotulia vilitajwa sana, na magurudumu manne ya injini ndogo vilevile.

Walitumia saa ya wapi?

Zamani kila mji wa Uingereza ulikuwa na saa yake kulingana na jua. Bristol ilikuwa nyuma ya London kwa dakika 10, na reli zilizokwenda magharibi zilihangaika sana mpaka zikaamua kufuata saa ya London njia nzima. Njia ya Brighton haikuwa na shida hiyo. Inakwenda karibu mstari ulionyooka kutoka kaskazini hadi kusini, jirani na mstari wa Greenwich, kiasi kwamba jua la adhuhuri hufika miji yote miwili karibu dakika ile ile.

Ile treni kubwa ya Pasaka ni hadithi au ni kweli?

Ni kweli. Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, tarehe 8 Aprili 1844. Kampuni ilitangaza safari ya matembezi kwa nauli nafuu, na London Bridge ikajaa. Treni iliondoka saa 2:30 asubuhi ikiwa na mabehewa 45 na injini nne. New Cross yaliongezwa mabehewa 6 na injini ya tano. Croydon mengine 6 na injini ya sita. Mabehewa 57 yakaenda kwa mwendo wa pole, yakisimama na kuondoka, na hayakufika Brighton mpaka saa 7:30 mchana. Saa tano njiani, sawa na gari la farasi.

Bado naiona ndiyo safari muhimu kuliko ile ya ufunguzi. Makarani, mafundi, wauza duka na wake zao na watoto, wengi wao hawajawahi kuiona bahari, walifika ufukweni na kurudi siku ile ile. Kampuni nayo iliona kwa macho yake kwamba viti vingi vya bei ndogo vinaleta fedha.

Mtu wa kutajwa hapa ni Rowland Hill, yule aliyeleta barua ya peni moja mwaka 1840. Serikali ilipomwondoa kazini, aliingia bodi ya reli ya Brighton mwaka 1843, akawa mwenyekiti wake mpaka 1846. Aliongeza treni za kasi, na alianzisha treni za matembezi za Jumapili. Kwa barua alikuwa ameshaonyesha kwamba ukishusha bei, watu wanaongezeka. Kwa reli alifuata wazo lile lile. Jumapili iliwaudhi wachamungu wengi waliotaka siku hiyo iheshimiwe, lakini ilikuwa siku pekee ya mapumziko kwa mfanyakazi wa siku sita.

Sheria ya mwaka 1844 ilileta nini?

Mwaka huo huo, William Gladstone akiwa waziri wa biashara, Bunge lilipitisha sheria ya reli. Ilizitaka kampuni mpya, na za zamani zilizohitaji ruhusa mpya za Bunge, ziendeshe angalau treni moja kila siku, kwenda na kurudi, kwa nauli isiyozidi peni moja kwa maili. Treni hiyo isimame kila stesheni, mwendo wake usipungue wastani wa maili 12 kwa saa, mabehewa yawe na viti na yakinge mvua na upepo, na abiria achukue ratili 56 za mizigo bure.

Piga hesabu: maili 50 na nusu kwa peni moja ni shilingi 4 na peni 2 hivi. Bado si kitu kidogo kwa kibarua, lakini ni chini ya nusu ya daraja la pili la mwaka 1841, na umekaa chini ya paa. Kampuni nyingi ziliitii sheria kwa shingo upande, zikaiweka treni hiyo alfajiri. Hata hivyo sheria ilisimama: abiria maskini akawa na haki ambayo kampuni haikuweza kumnyang'anya.

Wakifika Brighton walifanya nini?

Kwanza waliteremka. Stesheni ilijengwa juu kilimani, mbali kidogo na bahari, kwa sababu ya lile sharti la mwinuko. Njia ya kushuka ilikuwa mbaya mpaka barabara ya Queen's Road ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1840.

Kisha ufukwe. Aliyezoea mchanga wa Nungwi au Diani angeshangaa, maana pale ni kokoto tupu, na maji ni ya baridi hata Agosti. Kuoga kulikuwa na taratibu. Ulikodi kibanda cha mbao chenye magurudumu, ukaingia na nguo zako, farasi akakivuta mpaka majini, ukatoka kwa mlango wa upande wa bahari. Wanawake walikuwa na sehemu yao na wanaume yao, na kulikuwa na wanawake wenye nguvu ambao kazi yao ilikuwa kuwachovya waogaji wa kike. Wasiokuwa na fedha za kibanda walitembea kwenye Chain Pier, wakala kome na kamba, wakapanda mashua, au wakakaa tu kwenye kokoto.

Malkia Victoria alisemaje?

Hakupapenda. Royal Pavilion imezungukwa na mji, na alipotoka kutembea umati ulimfuata. Alikuja kwa mara ya mwisho mwaka 1845, mwaka huo huo akapata Osborne katika kisiwa cha Wight, penye bahari na faragha. Pavilion iliuzwa kwa mji wa Brighton mwaka 1850. Kwa hiyo jumba alilojengewa mfalme likawa mali ya umma, na abiria wa treni za bei nafuu wakaingia ndani.

Mji ulibadilika?

Sana. Sensa ya 1841 iliwahesabu watu wapatao 46,000. Ya 1851 ikakuta zaidi ya 65,000. Karakana za reli zilikua kando ya stesheni, na kuanzia 1852 zilikuwa zikitengeneza injini zenyewe, hivyo mji wa starehe ukapata mafundi wa chuma na mitaa yao. Wakubwa walianza kuja wakati wa vuli na baridi, kiangazi wakawaachia wageni wa siku moja. Magazeti ya wakati huo yana malalamiko mengi juu ya wageni hao. Mimi nasimama upande wao: walilipa nauli, na bahari haikuwa ya mtu.

Kwa nini kila mtu anataja ajali ya Clayton?

Kwa sababu ilikuwa mbaya kuliko zote zilizowahi kutokea Uingereza mpaka siku ile, na kwa sababu ilionyesha udhaifu wa utaratibu wa muda niliouelezea juu. Ni Jumapili, 25 Agosti 1861. Treni tatu zilitoka Brighton kwenda London ndani ya dakika chache, mbili kati yake za matembezi. Ya kwanza ilipita mdomo wa handaki, na ishara haikujirudisha kwenye alama ya kusimamisha treni kama ilivyopaswa. Mtoa ishara wa upande wa kusini aliitupia macho treni ya pili ikiwa imeshamfikia, akapunga bendera nyekundu kwa haraka. Hakujua kama dereva ameiona.

Alikuwa na telegrafu, chombo cha kutuma ujumbe kwa waya, kwenda kwa mwenzake wa upande wa kaskazini. Akauliza kama handaki ni tupu. Mwenzake, aliyekuwa ameiona treni ya kwanza ikitoka, akajibu ndiyo. Kumbe dereva wa pili aliiona bendera, akasimama ndani, na sasa alikuwa akirudi nyuma. Treni ya tatu ikaruhusiwa, ikaigonga ile ya pili humo handakini. Watu 23 walikufa, 176 wakajeruhiwa.

Mtoa ishara huyo alikuwa zamuni kwa saa 24 mfululizo, ili apate siku moja kamili ya kupumzika. Ningependa kila anayeisimulia ajali hii aanzie hapo. Baada ya Clayton, hoja ya kugawa njia katika vipande na kuruhusu treni moja tu katika kila kipande ilipata nguvu, ingawa kuifanya kuwa lazima kwa reli zote kulichukua miaka mingi.

Leo naweza kuona nini?

Karibu yote. Treni za umeme bado zinapita mahandaki yale yale, na safari ni kama saa moja. Brighton, jengo la Mocatta bado liko mbele ya stesheni, ingawa vibanda na mapaa ya baadaye yamelificha. Paa kubwa la chuma na kioo juu ya majukwaa si la enzi hii, ni la miaka ya 1880. Chain Pier haipo, dhoruba iliivunja Desemba 1896.

Daraja la Ouse lilifanyiwa ukarabati mkubwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Stesheni ya karibu ni Balcombe, na kuna njia ya miguu inayopita chini ya matao. Vaa viatu vya matope. Lango la Clayton linaonekana kutoka darajani juu ya reli, jirani na kijiji. Kale kanyumba kati ya minara ni makazi ya watu, kwa hiyo pigia picha barabarani.